Kweli au Uongo, Nyuma ya Pazia

Mume wangu aliponiambia kwamba nikiolewa kwao sitaruhusiwa kumwona baba yake, nilicheka mpaka soda ikanipalia. Tulikuwa tumekaa nje ya kibanda cha chipsi Kihesa, Iringa, nyumbani kwetu. Siku hizo nilikuwa nauza vitambaa kwenye duka la familia moja ya Kihindi pale Mlandege, naye alikuwa anapita pita Iringa na magari ya kubeba mbao. Alikuwa mtu wa masihara, kwa hiyo nilijua hili ni moja ya yale ya kwake.

"Sitamwona vipi, na ni baba mkwe wangu?"

"Hutamwona. Ukikutana naye njiani unakaa pembeni, unageuza uso. Jina lake hulitaji. Chumba alichomo huingii. Kwetu Wanyakyusa ndivyo ilivyo, mkwe na mkwe wanakwepana. Si chuki, ni heshima."

"Muongo wewe!"

"Haya. Utaona."

Kwetu Wahehe mkwe unamheshimu, unapiga goti, lakini humkimbii kama umekutana na nyoka. Nikawasimulia wenzangu dukani, nao wakacheka. Mwenye duka peke yake hakucheka. Mama yule wa Kihindi alisema bibi yake mwenyewe alikuwa akifunika uso kila baba mkwe wake alipoingia sebuleni, na alizeeka hivyo. Hapo ndipo nilipoacha kucheka kidogo.

Siku ya harusi nilisikia kikohozi cha baba mkwe tu, mstari wa mbele upande wa pili wa kanisa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ndani ya shela, na shangazi wa mume wangu alikuwa amenishika kiwiko, akinigeuza taratibu kila mzee aliposogea. Baada ya hapo tuliishi kwenye chumba cha kupanga Mbeya mjini, na mwiko haukunisumbua. Wakwe zangu walikuwa na nyumba yao Uyole. Nikienda kumsalimia mama mkwe, mzee anatoka kwa mlango wa uani. Basi.

Kisha mama mkwe alifariki. Miezi michache baadaye mzee, ambaye maisha yake yote alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, aliteleza akishuka kwenye gari la rafiki yake na kuvunjika nyonga. Mfupa haukuunga vizuri. Aliweza kukaa kitandani na kujigeuza, kusimama hakuweza. Mume wangu ndiye mtoto pekee. Akasema tuhamie Uyole kwa muda, mpaka baba apate nafuu. Tulipomaliza kupanga vyombo, akasema amepata kazi Makongolosi, kule Chunya kwenye dhahabu, kwenye makarasha ya kusagia mawe. Atakuwa anarudi kila mwisho wa mwezi.

"Na baba nitamhudumiaje?" nilimuuliza. "Mtu ambaye sitakiwi hata kumwangalia?"

"Utazoea," akasema, na kesho yake akaondoka.

Tukabaki watatu: mzee, mimi, na binti yangu aliyekuwa ameanza tu kutembea. Jirani mmoja Msafwa, mtu mzima aliyestaafu ulinzi, alikuwa akija asubuhi na jioni kumwosha mzee na kumgeuza, akipitia mlango wa uani. Katikati ya hapo alikuwa wangu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido na mlango wake ulikuwa wazi, umezibwa na pazia zito la kahawia. Naweka sahani juu ya kigoda, nakisukuma kwa mguu mpaka chini ya pazia, nageuka naenda zangu. Nyuma yangu nasikia fimbo yake ikigonga sakafu, ikikinasa kigoda na kukivuta. Akimaliza anakisukuma nje. Mchana baada ya mchana hivyo hivyo, bila neno.

Sijui nielezeje jinsi nyumba ile ilivyonibana. Hakuna aliyenifungia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kutwa, na barabara kuu naiona, na mabasi ya Iringa yanapita nikiyasikia yanavyobadili gia kwenye mlima. Lakini nikienda sokoni nakimbia. Nani atasikia mzee akianguka? Kanisani niliacha kwenda. Mama yangu aliumwa Iringa nikashindwa kwenda kumwona. Ukifika msimu wa baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye uzio, na mimi nipo jikoni na mtoto mgongoni, namenya viazi, na pumzi zangu nazisikia mwenyewe. Mwisho wa mwezi mume wangu alikuja mara ya kwanza, na ya pili. Halafu zikaanza sababu. Karasha limeharibika. Barabara mbaya. Bosi kakataa.

Mzee ndiye aliyeanza. Alikuwa na redio yake ndogo ya betri, na kila asubuhi kilikuwepo kipindi cha mambo ya ajabu ya dunia. Siku moja betri zikaisha katikati ya kipindi, na nyumba nzima ikanyamaza. Nilikuwa nafagia korido. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya pazia, anachungulia kwa babu yake. Yeye mwiko haukumhusu.

"Mchumba," mzee akamwambia mtoto, maana ndivyo alivyomwita, kama mababu wanavyowaita wajukuu zao wa kike. "Pweza ana mioyo mitatu. Kweli au uongo? Mwulize mama yako."

Nikasimama na fagio mkononi. Mtoto hakujua hata kusema maji. Nilijua hakuna aliyeulizwa ila mimi.

"Mwambie babu ni uongo," nikamwambia mtoto.

"Mwambie mama yako atapata jibu kesho na chai."

Kesho yake niliposukuma kigoda chenye chai na viazi vitamu, sauti ikatoka: "Mchumba, ni kweli. Mitatu."

Ndivyo tulivyoanza kuongea. Sisi hatukuwa tunaongea, mwiko hatukuuvunja; mtoto ndiye alikuwa anaongea. Mzee aliokota mambo yake barabarani, miaka ile ya kulala chini ya lori mpakani Tunduma akisubiri kuvuka, madereva wakipigiana hadithi. Nusu yake yalikuwa kweli na nusu alitunga mwenyewe akiwa amelala pale kitandani. Twiga na shingo yake yote ana idadi ile ile ya mifupa ya shingo kama wewe na mimi. Kweli. Vyura wa Ziwa Ngozi hulia usiku mmoja tu kwa mwaka. Uongo, na niliuamini wiki nzima kwa sababu siku hiyo alisahau kunipa jibu. Jasho la kiboko ni jekundu. Kweli. Nyuki wa Kitulo hawana miiba kwa sababu ya baridi. Uongo.

"Juu ya Mlima Rungwe," alisema asubuhi moja, "kuna tumbili mweusi mwenye mlio wa ajabu, kama bata mwenye mafua. Wawindaji wetu walimjua siku zote. Wataalamu wakija wakiambiwa, wanaandika kwamba ni ngano za wazee. Wamekuja kumwona juzi juzi tu, mimi mwenyewe nikiwa mtu mzima. Kweli au uongo?"

"Mwambie babu huo ni uongo, tena mkubwa."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta kwenye simu, nikamwona tumbili mwenyewe, nywele zimemsimama kichwani kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Na mimi nikaanza kumrudishia. La kwanza lilikuwa la kwetu. "Mwambie babu: Wazungu walipomaliza vita yao kuu ya kwanza na kuandika mkataba wa amani, kati ya mambo ya mipaka na manowari waliandika pia kwamba fuvu la chifu wetu wa Kihehe lirudishwe."

Nikamsikia anacheka, kicheko cha kikohozi. "Mchumba, mwambie mama yako Wahehe wana majivuno. Uongo!"

Asubuhi nilimpa jibu na chai: ni kweli. Akasema kwa Kihehe kilichopinda, neno ambalo bila shaka alilichukua kwa abiria wa Iringa: "Kamwene." Ilikuwa mara ya kwanza kunisalimia. Nilikaa chini pale pale koridoni nikalia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuna aliyekuwa amenisalimia kwa lugha ya mama yangu tangu nije.

Siku zilivyokwenda nikajifunza kumsikiliza. Alipotunga, sauti yake ilikuwa laini, maneno yanateleza, kila kitu kina mwisho wake mzuri. Aliposema kweli alijikwaa. Alisimama katikati, akarudi nyuma, akasema "sijui kwa nini iko hivyo, lakini iko hivyo." Sikumwambia kwamba nimemshika. Ningemnyima starehe yake pekee.

Halafu ukaja ule mchana wa mvua. Mtoto alikuwa amelala chumbani kwetu. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilidhani kishindo kile ni sehemu ya mvua. Kisha nikasikia redio inaongea kutoka mahali pasipo pake, chini.

"Baba?"

Nilikuwa sijawahi kumwita kwa kinywa changu. Nikasogea mpaka kwenye pazia. "Baba, umeanguka?"

"Usiingie."

"Umeumia?"

"Usiingie. Mchumba yuko wapi?"

"Amelala."

"Basi hatuna wa kuongea naye," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Nilitoka nje kwenye mvua nikamwita yule jirani. Mkewe, bibi wa kutembelea mkongojo, akajibu kwamba mumewe ameenda shambani, atarudi jioni. Nyumba ya pili imefungwa. Nikarudi nimelowa chapa. Sakafu ile ya saruji naijua. Wakati wa mvua ukiikanyaga bila ndala unaumwa mpaka magotini. Nikasimama mbele ya pazia. Upande huu mwiko, upande ule mzee wa watu amelala chini. Sijawahi kujisikia nimefungwa kama dakika zile, na kilichonifunga ni kitambaa ambacho ningeweza kukisogeza kwa kidole.

Nikachukua kanga nikajifunga uso mzima, macho pamoja, nikakaza fundo kisogoni.

"Baba, nimejifunika. Sioni kitu. Na wewe fumba macho."

"Nimeshafumba."

Nikaingia kwa kupapasa. Nilikanyaga fimbo, nikagonga kigoda, nikaushika mguu wake kwanza, mwembamba kama mpini wa jembe. Nikapanda mpaka kwapani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea kwa sauti ile, na ananukia dawa ya kuchua. Nilimvuta, akasaidia kwa mikono, tukakosea kitanda mara ya kwanza tukarudi wote chini, yeye akaguna, mimi nikasema samahani baba, samahani. Mara ya pili tukafika. Nikamfunika kwa kupapasa, kichwa na miguu nikivitafuta.

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo." Asante sana kwa kwao.

Nilitoka kinyumenyume nikajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Jioni jirani alipokuja na kuona jeraha kwenye kiwiko cha mzee akamuuliza, nilimsikia mzee akijibu, laini kabisa, bila kujikwaa, "Nilianguka nikapanda mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata nilisukuma chai. Fimbo haikugonga. Kigoda kikabaki pale pale.

"Mchumba yupo?" akauliza.

"Yupo, baba." Nilikuwa nimempakata.

"Mchumba, mwambie mama yako." Akakwama. Akaanza tena. "Kweli au uongo. Mwanangu... yule mwanangu ana nyumba nyingine kule Makongolosi. Kuna mwanamke. Na mtoto, sijui wa kike au wa kiume, sikuuliza. Kweli au uongo?"

Nilijua. Alijikwaa kila neno. Lakini mdomo wangu ukasema kile nilichotaka.

"Mwambie babu ni uongo."

"Mwambie mama yako jibu la hili sitalitoa kesho. Nimemwita dada yangu kutoka Kyela. Nitalitoa akifika, ili mama yako akitaka kuondoka apate njia."

Nilimpigia mume wangu siku hiyo hiyo. Akacheka. Akaniambia, maneno yakiteleza kama mafuta, kwamba Makongolosi ina watu wa majungu, kwamba anashinda kwenye karasha mpaka masikio yanaziba, kwamba usiku analala na wenzake kwenye kibanda kimoja, kwamba mwisho wa mwezi huu lazima aje na atamletea mtoto viatu vyekundu. Kila kitu kilikuwa na mwisho wake mzuri. Nilikata simu nikaendelea kumenya viazi, na sikumbuki kama tulivila.

Shangazi yule, ndiye yule aliyenishika kiwiko siku ya harusi, alifika na gunia la mchele na sauti ya kujaza nyumba. Aliingia kwa kaka yake bila kubisha, kama anavyostahili, wakaongea Kinyakyusa muda mrefu. Kisha mzee akapaza sauti.

"Mchumba! Mwambie mama yako. Ni kweli." Akaongeza: "Dereva mwenzangu wa zamani aliwaona. Alinieleza tangu kiangazi. Nilinyamaza kwa sababu ni mwanangu. Juzi uliniinua sakafuni. Sasa siwezi kunyamaza tena." Na nilitambua kwamba maneno ya mwisho hakuwa anamwambia mtoto.

Kesho yake nilipanda basi la Chunya na binti yangu mgongoni. Makongolosi ni vumbi na kelele za mashine, na kila mtu ana haraka ya kwenda mahali. Niliuliza kwenye makarasha, kijana mmoja akanielekeza nyumba bila hata kufikiri, ya bati jipya nyuma ya mashine ya kukoboa. Mwanamke alikuwa anaanika nepi. Alikuwa mdogo kwangu, mwenye adabu. Akanifutia kigoda, akaniletea maji.

"Karibu dada. Baba watoto yuko kazini, atarudi jioni. Samahani, wewe ndiye yule dada yake anayemtunza mzee Mbeya?"

Niliyashika maji bila kunywa. Kumbe hata mimi nilikuwa nimetungwa.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mke wake."

Akacheka. "Acha utani, wifi!"

Nilimshusha mtoto mgongoni nikamsimamisha kati yetu. Mwanamke yule akamwangalia, akaangalia kwenye mkeka ambapo mwanawe alikuwa amelala, wa kiume, paji la uso lile lile, nyusi zile zile. Kicheko kikamwisha usoni taratibu. Akakaa chini kwenye mchanga, nepi bado mkononi.

"Aliniambia hajaoa," akasema. "Aliniambia anakusanya mahari ili aje kwetu na wazee."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa ameketi pale kama nilivyoketi mimi koridoni, mlango wazi na mahali pa kwenda hana. Tulimsubiri pamoja, tukala ugali wake na dagaa. Mume wangu alipofika na kutukuta tumekaa mkeka mmoja, alianza kusema kabla hajavua kofia. Alisema vizuri sana. Nilimwacha mpaka akaishiwa.

Ukoo ukakaa kikao Uyole. Wazee wawili watatu walitaka nivumilie. Mzee anahitaji mtu, walisema, na wanaume ndivyo walivyo. Nilikuwa jikoni, sikutakiwa kuwepo. Nikamsikia baba mkwe kutoka kitandani kwake, akipaza sauti wamsikie waliokaa sebuleni. Alisema yeye atakwenda Kyela kwa dada yake, nyumba ifungwe, na asitokee mtu wa kunishikilia kwa jina lake. Mmoja akapinga. Akamwambia, "Nimesema."

Siku ya kuondoka nilisimama mbele ya pazia na begi langu. Sikujua naaga vipi mtu ambaye uso wake siujui. Niliona vidole vyake tu, vikishika ncha ya pazia kwa chini, mtoto akivivuta.

"Mwanangu," akasema. Hakusema mchumba. "Nenda. Ukifika umpe pole mama yako."

Sasa nipo Kihesa, chumba kimoja nyumba ya mama, na asubuhi nateremka Mlandege kwenye vitambaa vile vile. Zipo siku nabanwa hapa pia, mama akikohoa, mtoto akilia, majirani wakihesabu makosa yangu kwa sauti. Mume wangu hupiga simu akitaka tuyamalize. Sijaamua, au nimeamua na bado sijamwambia.

Mzee naye hupiga kutoka Kyela, Jumapili baada ya ibada. Kwenye simu tunaongea wenyewe, bila mtoto katikati, maana wazee waliotunga mwiko hawakusema lolote kuhusu simu, na yeye ameamua kwamba sauti haina uso. Wiki iliyopita sauti yake ilikuwa imechoka. Alilalamikia joto la kule na mbu. Akaniuliza kama nyonga ya mtu inaweza kuuma kwa sababu ya joto kama inavyouma kwa baridi. Nikamwambia sijui, nitamuuliza daktari. Akasema fanya hivyo mwanangu, na uvae sweta, Iringa saa hizi upepo wake naujua.